Siku Tuliyochoma Nyumba

Juzi nilikwenda kwa fundi wa mageti pale Arua, kwenye barabara inayoelekea Ediofe, na kabla sijamsalimia nikasimama kama niliyeitwa. Alikuwa anachomelea kipande cha chuma chenye rangi ya zamani, na rangi ile ilipoanza kuungua ilitoa harufu nzito, chungu kidogo, inayokaa kooni. Watu waliokuwa wakisubiri zamu yao waliziba pua. Mimi nilivuta pumzi mpaka mwisho. Moyo ulianza kunienda mbio kwa furaha, mtu mzima mimi, mama wa watoto, mpaka fundi akainua ngao yake ya uso na kuniuliza kama niko salama. Nilimwambia niko salama, aendelee tu na kazi.

Ningemweleza nini? Kwamba kwangu hiyo si harufu ya geti bali ya nyumba nzima? Kwamba mimi nimelelewa ndani ya makontena mawili yaliyovuka bahari, na kwamba hakuna wakati katika maisha yangu niliokuwa na furaha ya kunikosesha usingizi kama ule tuliokuwa tukiyageuza kuwa nyumba? Angesema mama huyu amepigwa na jua.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka Koboko ya wakati ule. Malori ya kwenda Juba yamejipanga barabarani, vumbi mpaka kwenye kikombe cha chai, na makontena kila kona. Lingine lilikuwa duka, lingine kinyozi, lingine banda la kuchaji simu. Lakini mtu wa kuingia ndani na mke na watoto, akatandika kitanda na kusema hapa ndipo kwangu, huyo hatukuwa tumemwona. Baba yangu aliamua kuwa wa kwanza. Alikuwa fundi wa magari, na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akimtengenezea malori yake alihamia Juba na kumwachia makontena mawili marefu. Yaliletwa asubuhi kwa lori lenye winchi, yakashushwa kwenye kiwanja chetu nje kidogo ya mji, na mtaa mzima ulikuja kuangalia. Lile la kwanza lilipogusa ardhi nilihisi mshindo miguuni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

Mama hakupiga kelele. Aliyazunguka kimya, akagonga ukuta kwa kidole chenye kikofia cha chuma cha kushonea, akasikiliza.

“Hii iko ngoma,” alisema. “Mvua ikikuja, sisi nacheza.”

Mama alikuwa fundi cherehani. Alizaliwa Ediofe, akajifunza kushona kwa masista wa huko, kisha akaolewa na Baba, Mnubi wa Koboko, na kuhamia kwetu pamoja na cherehani yake. Alikuwa na tabia ya kudharau kitu kwanza, halafu akakishika na asikiachie. Jioni ile ile nilimwona yuko nje na futi yake ya kitambaa, anapima kontena kuanzia kiunoni hadi mabegani, ndivyo alivyosema, na anaandika vipimo kwenye kiganja chake.

Hatukuwa na mchoraji wa majumba. Tulikuwa na boksi la chaki. Baba alikata shauri kwamba nyumba itachorwa juu ya nyumba yenyewe, kwenye chuma, kila mtu aone, na atakayepinga afute na kuchora lake. Sijui kama kuna mtoto aliyewahi kupewa ruhusa kubwa kuliko ile. Tukitoka shule hatukuvua hata sare. Mimi na kaka yangu Rajabu tulichora madirisha, tukachora ngazi, tukachora mlango wa paka ingawa paka hatukuwa naye. Baba alichora kama fundi wa magari, na kila sehemu aliipa jina la gari. Jiko alilipa bomba la kutolea moshi akaliita ekzosi. Kibaraza kilikuwa boneti. Mama naye alichora kama anakata gauni. Alisisitiza kwamba kila dirisha lazima liwe na pindo, yaani fremu, kwa sababu chuma kilichokatwa kikaachwa wazi kinakata mikono ya watoto. Alitaka makontena yatazamane na kuachana katikati, kisha nafasi ile iezekwe mabati, iwe sebule yenye hewa. “Mbele mbili na kitambaa moja katikati,” alisema. “Kama koti.” Baba aliangalia kwa muda mrefu, akakubali kwamba koti lile limekaa vizuri.

Chumba changu nilikichora mwenyewe. Kilikuwa cha mbele kabisa, upande wa barabara, kwenye kona ya kontena la kwanza. Nilichora dirisha, na ndani ya dirisha nikajichora mimi nimeinua mkono, nawapungia madereva wa malori. Baba alipita, akasoma picha ile, akasema, “Hii iko ya binti. Hakuna mutu nafuta.” Nilijiona nimepewa nchi.

Halafu siku moja mvua ilinyesha mchana na kufuta nyumba yote. Ukuta, mlango, paka, mimi na mkono wangu, vyote vilishuka chini kama maziwa. Rajabu alilia. Mama alifurahi. Alisema jiko lile halikuwa limempendeza tangu mwanzo, akachukua chaki mpya kabla chuma hakijakauka. Tulianza upya, na safari ya pili nyumba ilikuwa nzuri zaidi. Nilirudisha chumba changu mahali pale pale.

Lakini nyumba ile ilikuwa na sababu moja kubwa, na sote tuliijua. Ilikuwa ya kumtoa Haboba kule Midia.

Haboba ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinubi. Alikuwa mama mzazi wa Baba, na aliishi peke yake huko Midia, karibu na mpaka, analima mihogo na simsim, na mikono ikipumzika jembe anafuma kawa za rangi za kufunikia chakula. Magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua, na msimu wa mvua uliopita ukuta mmoja wa nyumba yake ulianguka akiwa shambani. Baba hakulala vizuri tangu siku ile. Nyumba yetu ya kupanga mjini ilikuwa chumba kimoja, haikuwa na pa kumweka. Makontena yalipopatikana, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kupanda pikipiki kwenda Midia kumwambia mama yake kwamba sasa anajenga, na chumba chake kipo.

Alirudi uso umemshuka.

“Amesema nini?” Mama alimwuliza.

“Amesema, ‘Mimi hapana ingia sanduku.’”

“Na sababu?”

“Hakuna sababu. Sanduku, basi. Mimi nauliza, yeye nafuma tu.” Akakaa kwenye tairi kuukuu. “Kama mama hapana kuja, mimi hapana jenga. Hii chuma narudi barabarani, watu nauza soda ndani.”

Aliyasema kwa utulivu, na ndiyo maana niliogopa. Baba akipiga kelele mambo yalikuwa yanapita, akizungumza polepole hayapiti. Kwa hiyo kuanzia siku ile hatukuwa tunachora nyumba tu. Tulikuwa tunamchorea Haboba, na kila mmoja wetu alijua moyoni mwake kitu kinachomzuia.

Baba alijua ni joto. Chuma juani ni sufuria, na mtu mzima hawezi kupikwa. Basi akaongeza paa la pili la mabati, limeinuliwa juu ya makontena ili upepo upite katikati, na ndani ya chumba cha Haboba, kile cha nyuma kilichokaa kivulini, akaweka dari ya matete. Mama alijua ni aibu. Alisema Haboba ni mwanamke wa Kinubi mwenye heshima zake, hawezi kukubali watu wa Midia waseme mwanawe amemweka dukani. Basi akapaka kuta za mbele rangi ya maziwa, akachora maua juu ya milango, na kushona mapazia mazito yenye marinda, hata madirisha yalipokuwa bado ni chaki.

Mimi nilijua zaidi yao wote. Ubavuni mwa kila kontena kulikuwa na herufi kubwa nyeupe na namba, na Rajabu, aliyekuwa darasa la juu yangu, aliniambia hilo ni jina la meli. Meli haisahau vitu vyake, alisema, ikimaliza safari inarudi kuvichukua. Mimi bahari nilikuwa nimeiona kwenye picha ya ukutani shuleni. Nililala nikifikiria tutakavyobebwa sote vitandani mwetu, lori mpaka Mombasa, winchi, kisha maji, na mimi niko dirishani kwangu nimeinua mkono. Kwa kweli sikuona ubaya wowote. Nilikuwa na hamu nayo. Ila Haboba alikuwa mtu wa shamba, angeacha mihogo yake na nani? Nilimhurumia, nikaamua kujinyima safari. Nilichukua mchanga na kipande cha tofali nikasugua herufi zile mpaka vidole vikatoka damu, na zilizobaki nikazipaka masalio ya rangi ya Mama. Meli ije ituulize sisi ni nani.

Fundi wa kuchomelea alitoka upande wa Kongo, na tulimwita Fundi Zozo. Alikuja na jenereta, miwani nyeusi na nyimbo zake. Siku aliyoanza, Baba alitaka Haboba awepo. Alifikiri akiona kwa macho yake lile paa la pili na dari ya matete, moyo utalainika. Alimpigia simu jirani wa Haboba aliyekuwa na simu, mnazikumbuka zile ndogo za tochi, na jirani akampelekea Haboba shambani. Baba alimbembeleza. Nilimsikia akisema ndiyo mama, hapana mama, mpaka maneno yakamwisha. Akanikabidhi simu.

“Ongea wewe,” alisema. “Wewe yeye hapana kataa.”

Wakati huo huo Fundi Zozo aliwasha moto wa kwanza. Cheche ziliruka juu kuliko paa. Rangi ya zamani ikaanza kuungua, moshi wa buluu ukatoka, na ile harufu ikanifikia kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Sasa, kwetu mtu hasemi kuchomelea. Fundi anachoma dirisha, anachoma geti, anachoma kitanda, na kila mtu anaelewa. Nilishika simu kwa mikono miwili na kupiga kelele ili nishinde jenereta.

“Haboba, leo nachoma nyumba yetu. Moto iko mingi. Kuja haraka, kuja kuona.”

Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu mtandao ukakatika, kama ulivyokuwa ukikatika kila siku karibu na mpaka. Nikamrudishia Baba simu, nikamwambia Haboba anakuja. Nilikuwa na hakika kabisa. Baba alicheka, akaniambia namjua Haboba vibaya.

Jua lilikuwa bado halijafika kichwani tuliposikia pikipiki. Hazikuwa moja wala mbili. Zilitoka upande wa Midia zikiwa zimetimua vumbi, na juu yake wamepanda wanaume na wanawake, wengine na madumu ya maji, wengine na majembe, mmoja ameshika matawi mabichi ya kupigia moto. Ya mbele ilikuwa imembeba Haboba. Alishuka kabla haijasimama. Sikuwa nimejua kwamba magoti yale yanaweza kukimbia. Gurbaba yake, kile kitambaa cha rangi ambacho wanawake wa Kinubi hujifunga mwilini, ilimfunguka bega moja na yeye hakuishika. Alimpita Baba kama anapita mti. Baba aliita, “Mama, Mama,” na jenereta ikaimeza sauti yake.

Mdogo wetu Abasi, aliyekuwa anajifunza kutembea, alikuwa amelazwa kwenye kontena la pili, mbali na cheche. Kelele zilikuwa zimemwamsha na alikuwa analia. Haboba alimsikia. Mwanamke yule aliyesema haingii sanduku aliingia moja kwa moja, kwenye giza, na dumu lake la maji mkononi. Alipotoka alikuwa amemkumbatia Abasi ndani ya gurbaba, wote wawili wamelowa chapachapa, kwa sababu alikuwa amemmwagia maji yote. Abasi alilia kama amechinjwa. Nyuma yao watu wa Midia walikuwa tayari wanaumwagia maji ukuta wa Mama wenye maua, na Fundi Zozo, juu ya paa, alikuwa ameinua mikono miwili na kuuliza bamutu hawa wana shida gani na yeye.

Baba alizima jenereta.

“Mama,” alisema, “sisi nachoma chuma. Nachoma, naunganisha. Nyumba hapana ungua.”

Haboba alihema. Aliniangalia mimi.

“Hii mtoto alisema nachoma nyumba. Alisema moto iko mingi.”

“Iko mingi,” nikasema, nikamwonyesha paa.

Watu wa Midia ndio walioanza kucheka. Mmoja aliketi juu ya dumu lake, akacheka mpaka akajifuta machozi, na kicheko kikawapata Mama, Rajabu na hata Fundi Zozo alipoelezwa. Mama aliweka sufuria ya chai. Nilikuwa nacheka pia, ingawa sikujua nacheka nini, kwa sababu kila nilichosema kilikuwa kweli. Haboba peke yake hakucheka. Alikaa na Abasi kifuani na alikataa kumwachia mtu yeyote, hata Mama. Baba alianza kumweleza juu ya paa la pili, upepo unavyopita, dari ya matete. Haboba hakuinua macho kutazama dari. Alikuwa anatazama mlango.

Milango ya kontena mnaijua. Ni mikubwa, na nje ina zile fimbo ndefu za chuma ambazo ukizigeuza zinaubana mlango juu na chini. Haboba alisimama, akaenda, akashika fimbo moja, akaifunga. Ilitoa mlio. Akaifungua. Akaifunga tena.

“Hii nafunga kwa nje,” alisema.

“Ndiyo, Mama.”

“Kwa ndani?”

Baba aliupapasa mlango upande wa ndani, ulikuwa chuma kitupu.

“Mutu akija, afunge hapa,” Haboba alisema, “wewe na hii watoto natoka wapi?”

Hakuna aliyecheka tena. Baba alisimama pale, fundi wa magari hodari kuliko wote Koboko, na nilimwona akielewa. Si joto. Si aibu. Sikuamini kwamba hata si meli, na vidole vyangu vilikuwa bado vinauma. Tulikuwa tumemchorea Haboba nyumba kwa majuma mengi na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amempa chaki.

Baba alitoa chaki mfukoni, akampa. Haboba aliigeuza vidoleni, kwa sababu hakuwahi kushika chaki maishani mwake. Kisha alizunguka mpaka nyuma ya kontena la kwanza, ule ukuta mzima ambao sote tulikuwa tumeuacha bila kuchora kitu, na Abasi bado yuko kiunoni. Alichora mstari kuanzia juu hadi chini. Akaenda hatua, akachora mwingine. Mistari ilikuwa imepinda, minene, na nafasi kati yake ilikuwa pana kuliko mlango wowote tuliowahi kufikiria.

“Mlango ya nyuma iko hapa,” alisema. “Kufuli iko kwa ndani. Na ingine kama hii, kwa ile kontena ya pili.”

Fundi Zozo aliupima kwa macho. “Mama, hii chuma iko nguvu sana. Kukata iko kazi.”

“Kata,” alisema Haboba.

Fundi Zozo alikata mchana huo huo. Watu wa Midia walikunywa chai yao na kubaki kuangalia. Tuliingia ndani ya kontena, sisi watoto wote, tukasimama gizani upande wa mbele huku tukiziba masikio, na tukaona moto unatembea ukutani, unachora mlango wa Haboba kwa mwanga. Ulipofika mwisho, Baba na wanaume watatu walisukuma kutoka ndani. Kipande kile kikubwa kilianguka nje kwa kishindo, na mwanga ukaingia wote kwa pamoja, na upepo wa kutoka kwenye mihogo iliyokuwa nyuma ya kiwanja chetu ukapita kutoka nyuma hadi mbele ukatupiga usoni. Rajabu alipiga kelele. Mimi nilikimbia kupitia mlango ule mpya kabla kingo zake hazijapoa, Mama akanikamata nguo na kunichapa kidogo. Sikuhisi. Tulikuwa na nyumba, na hata mimi niliijua kuwa nyumba kwa mara ya kwanza wakati ule. Mpaka hapo ilikuwa mchezo mzuri wa chaki.

Haboba alihamia mwisho wa mavuno. Alikuja na mkeka wake wa kuswalia, kawa zake zote, na jogoo mmoja mkorofi ambaye alimtia Abasi adabu siku ya kwanza. Baba, amevaa kanzu utadhani ni sikukuu, alimwongoza kwenye chumba chake cha nyuma, kile cha dari ya matete, karibu kabisa na mlango wake. Haboba alitazama. Akasema ni kizuri sana. Akabeba mkeka wake, akapita sebuleni, akaenda mpaka mbele, akautandika ndani ya chumba changu.

“Mimi nalala hapa,” alisema. “Watoto nalala kule nyuma.”

Nilimtazama Baba anitetee, kwa sababu alikuwa ameahidi kwamba hakuna mtu atakayefuta. Hakunitetea. Aliangalia pembeni, akasema, “Kama mama alivyosema,” na sauti yake ilikuwa nzito kwa namna ambayo sikuielewa. Nilidhani amenisaliti. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye mihogo na kulia kwa uchungu wa mtu aliyenyang'anywa barabara nzima na malori yake.

Haboba alinifuata. Alisimama mlangoni, ameegemea fremu.

“Wewe nalia nini?”

“Ile chumba ilikuwa yangu.”

“Chumba ya mbele iko ya mutu mzee.” Alifikiri kidogo. “Wewe iko na mbio. Mimi iko na magoti. Mutu ya mbio nalala nyuma.”

Machozi yalikatika pale pale. Shuleni nilikuwa nimewashinda wasichana wote, na hata wavulana kadhaa, na nyumbani hakuna aliyelitia maanani. Sasa kumbe Haboba alijua. Nilijiona nimepewa chumba cha washindi. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba bibi yangu ndiye wa kwanza kutambua kipaji changu.

Nilikuwa tayari nina watoto wangu, na Haboba tumeshamzika, Baba aliponieleza. Mwaka ule wa vita, watu wa kwetu walipokimbia nchi, yeye alikuwa mtoto mdogo. Wenye silaha walikuja kwenye nyumba yao na mlango ulikuwa mmoja, wa mbele. Babu yangu alilala chumba cha mbele. Aliuweka mgongo wake mlangoni na kuuzuia, na Haboba alivunja ukuta wa udongo upande wa nyuma kwa mchi, akapita na Baba mgongoni, akatembea naye mpaka Kongo. Nyumba ile ilichomwa. Babu hakutoka. Baba aliniambia mambo hayo kwa sentensi chache, huku akikaza nati ya gari la mtu, na hakuniangalia. Nilikwenda kukaa ndani ya gari lile nikalia kama siku ile kwenye mihogo.

Siku ile, lakini, nilikuwa na furaha tupu. Nilijifuta uso na kumwuliza Haboba kama anataka kuniona nikikimbia.

“Onyesha mimi,” alisema Haboba.

Alinipeleka chumbani, akaniambia nilale kitandani, nifumbe macho. Akapiga makofi. Niliruka, nikafungua kufuli, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbia mpaka mwisho wa mihogo na kurudi. Alitikisa kichwa, hakuridhika. Akaniambia nirudi kitandani. Safari hii alimweka Abasi pembeni yangu na kunifundisha namna ya kumtupa mgongoni kwa mkono mmoja. Rajabu akaja, akataka kucheza pia, Haboba akampa kazi ya kufungua kufuli. Akapiga makofi. Tulitoka wote watatu, Abasi anacheka na kunishika masikio, jogoo anatukimbiza, upepo umetujaa midomoni, na nilijua kabisa kwamba hakuna mtoto Koboko nzima mwenye mbio kama zangu. Niliporudi nilikuwa natweta. Nilimwangalia nikisubiri sifa.

“Iko mzuri,” alisema Haboba. “Rudi kitanda. Tena.”